Mapigo Hamsini na Mbili

Saa ile ilianza kulia tena, na Inspekta Hasina Chirau akatamani kuitupa baharini.

Bahari yenyewe ilikuwa hapo chini ya dirisha, kwani chumba cha mazoezi cha hoteli kilijengwa karibu na maji kwa ajili ya wageni wanaopenda kutokwa jasho huku wakitazama mawimbi. Hasina alikuwa ameteremka Diani asubuhi hiyo kutoka Kwale, kwa barabara ambayo mvua za El Nino ziliiacha na mashimo ya kumeza mbuzi, na alikuja ili asomewe kitu kimoja tu: saa nyeusi ya plastiki pamoja na ukanda wake wa kuvaliwa kifuani. Ukanda husikiliza moyo, saa huandika. Hivyo ndivyo alivyoelezwa, na mpaka dakika hiyo alikuwa hajaamini hata nusu yake.

"Mbona inalia?" aliuliza. "Umeifanya nini?"

"Sijaifanya kitu, Madam." Everlyn, msichana wa bara aliyesimamia chumba hicho, alikuwa ameuvaa ule ukanda chini ya fulana yake. "Inalia juu moyo wangu uko sabini na nne. Hii saa inataka moyo uwe kati ya tisini na mia moja thelathini. Ukishuka, inapiga kelele. Ukipanda, inapiga kelele. Mwenyewe alikuwa babu mmoja Mswisi, mgonjwa wa moyo, ndiye aliiwekea hizo setingi. Akaenda kwao, akamwachia Masila zawadi."

"Na haibadilishwi?"

"Inabadilishwa! Masila amekuja hapa mara nyingi tu, tukajaribu. Unafinya hapa, unafinya hapa, unashikilia. Unaweka mia moja na tisini, inakubali, mnafurahi. Akienda kukimbia, imerudi mia moja thelathini, inamlilia njia nzima kama mtoto. Tumeshindwa, manze. Halafu hiki kidude cha chini, ukikishikilia sana, inafuta kila kitu iko ndani."

Kidole chake kilikuwa juu ya kidude hichohicho. Hasina alikishika kile kidole, akakiondoa polepole, na jasho likamtoka ingawa chumba kilikuwa na pangaboi mbili.

Ndani ya saa hiyo mlikuwa na maisha ya mtu. Masila Munyoki, kijana wa Majimboni aliyeajiriwa na hoteli kukimbia na wageni ufuoni, alikuwa rumande tangu Jumamosi kwa kifo cha jirani yake, Muindi. Muindi alikanyagwa na ndovu ndani ya mahindi yake mwenyewe kabla jua halijatua. Ndovu walipita kwa sababu ua wa stima unaouzunguka msitu wa Shimba ulikuwa umezimwa. Haukukatika wala haukuharibika. Ulizimwa kwa mkono, ndani ya kibanda kilichofungwa kwa kufuli, na ufunguo wa kufuli hiyo ulikutwa ukining'inia kwao Masila.

Ufunguo huo hulala kwa zamu, juma hili nyumba hii, juma lijalo ile. Juma hilo ilikuwa zamu ya Munyoki, babake Masila, naye Munyoki siku hiyo alikuwa Mombasa. Kama hayo hayatoshi, hivi karibuni Muindi alikuwa amemwaga miiba kwenye njia anayokimbilia kijana huyo, na Masila akamwambia mbele ya watu, "Ipo siku ndovu watapita juu yako wewe." Mdomo uliponza kichwa. Kesho asubuhi angefikishwa mahakamani kwa kosa la kuua, kosa ambalo mwisho wake ni kitanzi, na bosi wa Hasina alikwisha kutia sahihi.

Masila alikuwa na utetezi mmoja tu. Alisema alikuwa akikimbia kandokando ya ua, saa ikiwa mkononi. Iulizeni saa, alisema.

"Haya, tuiulize," Hasina alisema. "Mwero, soma kwa sauti. Usiguse chochote."

Konstebo Mwero, aliyekuwa na macho mazuri na papara nyingi, aliinama juu ya kioo kidogo huku Everlyn akisogeza tarakimu moja baada ya nyingine. Saa iliandika moyo kila dakika. Tangu saa tisa na nusu alasiri moyo wa Masila ulipanda vizuri kama mtu apandavyo kilima: mia moja kumi, mia moja thelathini na sita, mia moja hamsini na nne. Karibu na saa kumi kasorobo ukaanguka ghafla hadi hamsini na mbili. Ukakaa hapo. Hamsini na mbili, hamsini na mbili, hamsini na mbili. Halafu, saa kumi ikiwa imepita kidogo, ukaruka hadi mia moja sitini na moja, na haukushuka tena mpaka mwisho wa mbio.

Mwero alinyoosha mgongo. "Afande, imekwisha. Kijana alikimbia mpaka kibandani, akakaa akivizia. Alipoona njia nyeupe, akazima, akatoka mbio. Saa yake mwenyewe imemfunga."

Hasina alikitazama tena kile kioo. Alikuja akitaka kumsaidia kijana, na sasa ilionekana amempelekea kamba. Lakini kitu kimoja kilimkera, kama mchanga ndani ya kiatu: mbona hamsini na mbili haikuwa hata mara moja hamsini na tatu?

*

Kwenye veranda ya kituo Munyoki alikuwa ameketi palepale alipomwacha, kofia juu ya magoti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Kijana wangu amekula?"

"Amekula. Usiondoke, nitakuhitaji."

"Niondoke niende wapi?" mzee alisema, bila ukali wowote.

Ndani, Hasina alifungua droo ya vielelezo ili auweke ukanda na saa, akakuta safu ya sisimizi imepanda meza, imeingia kwenye droo na imezama ndani ya bahasha ya ufunguo. Alimgeukia Mwero. Kila mtu kituoni alijua kuwa Mwero hali mahamri yake bila kuyatembeza.

"Si mimi, Afande! Leo nimekula mihogo."

Hasina aliumimina ufunguo juu ya karatasi. Sisimizi walikuwa wameng'ang'ania meno yake. Aliupeleka puani. Ulinuka asali, tena asali mbichi, yenye moshi ndani yake. Alikaa kidogo akiutazama, kisha akaufunga upya na kwenda seli.

Masila alikuwa kijana mwembamba, miguu mirefu, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Aliinuka alipomwona.

"Kwenu mnafuga nyuki?"

"Hapana, Madam. Babu alikuwa na mizinga. Baba hakuendelea nayo."

"Vaa huu ukanda. Nataka kuiona kazi yake kwa macho yangu."

Kijana aliulowesha kwa maji ya kikombe, akieleza kuwa ukiwa mkavu hausikii kitu, akaufunga kifuani. Saa ikaanza kulia hapohapo, na licha ya shida zake zote Masila akaipigia msonyo.

"Unaona? Nikikimbia inalia, nikikaa inalia, nikilala inalia. Yule mzee aliiwekea moyo wake, na mimi moyo wangu hautoshei mahali popote. Siku hizi hata siisikii."

Hasina alikitazama kioo. Thelathini na tisa. Arubaini na moja. Thelathini na nane. Alidhani imeharibika. Alimshika kijana kifundo cha mkono na kutafuta mshipa kwa vidole vyake, naye akiutazama ukuta. Pigo moja likaja, lenye nguvu, likajaza mshipa wote. Kisha kimya. Kimya kikawa kirefu hata akaogopa kwamba mtu huyu anamfia mkononi. Pigo jingine likaja kwa wakati wake, bila haraka yoyote.

"Subhanallah," alisema.

"Ni mbio tu, Madam. Moyo unazoea."

Lakini Hasina hakuuachia mkono ule upesi. Alikuwa ameshika mikono ya walevi, ya wezi, ya maiti, na hakuwa amewahi kufikiria kuwa ndani ya kijana wa shamba la mahindi mnaweza kukaa kitu kikubwa na kitulivu namna hii, kikifanya kazi yake gizani bila kusifiwa na mtu. Alistaajabu, na akaona haya kidogo kwa kustaajabu mbele ya mshtakiwa.

Akili ikamrudia. Huyu akikaa tu, hata kwa hofu ya mahakama, moyo wake huenda kwenye arubaini. Tena unacheza, unapanda na kushuka kidogo kama pumzi. Sasa mtu anayevizia ili aue atakuwaje na hamsini na mbili isiyotikisika? Na moyo gani unaotoka hamsini na mbili ukafika mia moja sitini na moja kwa dakika moja, wakati ule mwingine wote ulipanda kidogokidogo?

"Siku ile ulipita wapi hasa?"

"Muindi alinimwagia miiba njiani, basi nikawa napita kwenye ile nyasi inayofyekwa chini ya nyaya. Karibu kabisa. Ningenyoosha mkono ningepigwa na stima."

"Kibanda kiko upande gani?"

"Nyuma. Nilikuwa nakiacha nyuma, naenda upande wa shule."

"Mwero," Hasina aliita, tayari akiwa mlangoni. "Washa gari. Mwambie Mzee Munyoki apande."

*

Kibanda cha mtambo kilikuwa chumba cha mabati chenye sola juu ya paa, na ndani mlikuwa na betri mbili na sanduku jeupe lenye swichi. Ziro, aliyeajiriwa na kamati ya ua kufyeka nyasi chini ya ua, aliwapokea kwa maneno mengi. Jumamosi alisikia mayowe akiwa mbali, alisema, akaja mbio, akakuta kufuli imefungwa na taa ya mtambo haiwaki. Akakimbilia kwa Munyoki, akautoa ufunguo kwenye msumari wake chini ya mapaa, akafungua na kukuta swichi iko chini.

"Kila mtu anaujua huo msumari?"

"Hata mbuzi wanaujua, Afande."

Ndani ya sanduku kitu kilikuwa kikigonga: tak, tak, tak. Hasina alisimama kukisikiliza. Alijua sasa, lakini kujua na kuona ni mambo mawili.

Alienda nyuma ya kibanda, akaulowesha ukanda kwa maji ya chupa na kuufunga chini ya shati. Saa akaiweka kwenye sehemu ya kutazama tu, isiyoandika, kama Everlyn alivyomwonyesha. Kisha akapanda kilima kuelekea kwenye ua. Alikuwa mwanamke wa makamo aliyezoea kiti, na saa haikumficha. Tisini na sita. Mia moja na nane. Mia moja kumi na tisa. Moyo wake mwenyewe, mbele ya macho yake, ukihesabiwa kama maembe sokoni.

Akaingia kwenye ile nyasi iliyofyekwa. Akasogea mpaka nyaya zikawa karibu na bega.

Hamsini na mbili.

Saa ikaanza kulia. Moyo ulikuwa ukimgonga mbavu, aliusikia masikioni, na saa ilisema hamsini na mbili. Akatembea. Hamsini na mbili. Akakimbia kidogo, viatu vya kazi vikimtelezesha, akasimama akihema. Hamsini na mbili, hamsini na mbili. Saa haikumsikiliza yeye tena. Ilikuwa ikiusikiliza ua.

"Ziro! Zima!"

Tak ya mwisho ikafa. Saa ikasita, ikaonyesha kistari, kisha mia moja thelathini na mbili, na ikaendelea kumpigia kelele.

"Washa!"

Hamsini na mbili.

Hasina alicheka peke yake kama mwendawazimu, na machozi yakamlenga. Maili na maili za waya, kutoka msituni mpaka kwenye mashamba ya watu, zilikuwa na pigo lao moja lililoupita mwili wa kila aliyesogea, na hakuna aliyelijua mpaka mgonjwa wa Kizungu alipoacha saa yake mbovu kwa kijana wa Majimboni.

Ndipo alipowaona. Ng'ambo ya nyaya, chini ya miti, ndovu wanne walikuwa wamesimama, na haijulikani walisimama hapo tangu lini. Jike mkubwa alisogea mbele, akaunyoosha mkonga kuelekea waya wa juu, akauzuia karibu sana bila kuugusa. Akangoja. Hasina, akiwa upande wake, hakupumua. Mkonga ulikaa pale hewani ukiwa umetulia, kama mtu aliyeweka sikio mlangoni, kisha yule jike akageuka na wengine wakamfuata, na msitu mzima ukawameza bila sauti ya kijiti kuvunjika.

"Huwa wanakuja kupima," Ziro alisema nyuma yake. "Kila siku. Siku ikizimwa, wao ndio wa kwanza kujua."

Hasina aliogopa, na alifurahi, na hakutaka kukivunja kile alichokiona kwa kukizungumza.

"Mwero, nieleze," alisema hatimaye. "Tuone umeelewa."

Konstebo alikuwa ametumbua macho tangu saa ilipolia. "Ile hamsini na mbili si moyo wa Masila. Ni stima. Na pale iliporuka… pale ndipo fensi ilipozimwa."

"Na Masila alikuwa wapi?"

"Alikuwa mbioni tayari, Afande. Angekuwa amesimama kibandani, stima ikizimwa saa ingeonyesha kwanza moyo ulio chini. Yake ilikuwa juu palepale, na ikabaki juu."

"Basi alizima nani?"

"Hapo sijui, Afande."

Walitembea kandokando ya ua kutoka kibandani. Hawakwenda mbali. Chini ya waya wa chini, pale mtu anapoweza kujipenyeza, kulikuwa na kitita cha nyasi cha kufukizia nyuki, kilichofungwa kwa kamba ya mkonge na kuungua nusu. Ndani ya msitu, juu ya mti ulioegemea upande wao, ulining'inia mzinga wa gogo, mdomo wake umefunguliwa na kuachwa wazi, nyuki wakiuzunguka kwa hasira. Ubavuni mwa gogo ilichongwa alama: mistari miwili na nusu duara.

"Mzee Munyoki," Hasina alisema. "Alama ile ya nani?"

Mzee aliitazama, kisha akatazama chini.

"Mzee, mwanao yuko seli."

"Ni ya Muindi," alisema. "Si vizuri kumtaja marehemu kabla hajazikwa."

"Hapawezi kuwa na mwingine aliyeurina mzinga huu?"

"Mama, Mkamba anaweza kukuibia ng'ombe, na akakucheka. Lakini mzinga wenye alama ya mtu haguswi. Hata mwizi anaogopa."

Hasina aliikumbuka maiti ya Muindi katika chumba cha baridi, kope zimevimba hata macho hayakuonekana. Wote walisema ni ndovu. Hakuna aliyeuliza ndovu gani anayemvimbisha mtu kope na kuacha pua nzima.

Kwa hiyo Muindi mwenyewe aliutoa ufunguo kwenye msumari, akazima, akapenya kuirina asali ya mwituni isiyoruhusiwa, mchana kweupe kwa kuwa usiku ni wa ndovu. Hilo lilieleweka. Lakini mtu aliyekufa hawezi kuurudisha ufunguo mahali pake.

*

Nyumbani kwa Muindi watu walikuwa wengi. Wanawake walipika, wanaume walichimba kaburi nyuma ya nyumba, kando ya migomba iliyolala chini kwa kukanyagwa. Maziko yalikuwa kesho. Munyoki alibaki ndani ya gari bila kuambiwa. Babake mshtakiwa hana kiti kwenye msiba kama huo.

Hasina alitoa pole kwa mjane, Syombua, mwanamke mnene wa miaka arubaini na kitu, akamwomba waingie jikoni. Aliketi kwenye kigoda na kumwacha kwanza apumue.

"Mama, uliandikisha kwamba Jumamosi ulisikia saa ya Masila ikilia kibandani."

"Nilisikia. Inalia kama kifaranga. Kila mtu anaijua."

"Ulikuwa wapi?"

"Hapa. Jikoni."

Hasina alitoa saa mfukoni. Ukanda sasa ulikuwa kifuani mwa Mwero, na moyo wake, ametulia, ulikuwa chini ya tisini. Saa ikalia. Alimpa Mwero, akamwambia atoke nayo taratibu. Mwero alipofika kwenye banda la mbuzi, sauti ilikuwa imekwisha kupotea.

"Na kibandani ni mbali mara ngapi ya hapo?" Hasina aliuliza. "Kwa hiyo hukuisikia, mama. Umemsingizia kijana kwa saa yake kwa sababu ndicho kitu chake kinachojulikana. Na ufunguo una asali. Muindi aliurina mzinga wake, akarudi kuwasha. Alifika kwenye kufuli?"

Syombua aliangalia moto. Alipoanza kusema, maneno yalitoka yote kwa mkupuo.

"Alifika. Ufunguo ulikuwa ndani ya kufuli, haujazungushwa. Ni mimi, Madam. Niliwaona kwenye mahindi, nikapiga yowe. Nikamwita jina. Angezungusha tu ule ufunguo, angewasha, wale wengine wasingepita. Lakini alinisikia nikilia, akaacha kila kitu akaja mbio. Alikuja na mikono mitupu. Alisimama kati yangu na wao." Alijifuta kwa kanga. "Baadaye nikaenda kule kumtafuta mtu wa kunisaidia, nikauona ufunguo unaning'inia, na asali yake chini. Nikauchukua. Asali nikaileta hapa, ufunguo nikaurudisha msumarini."

"Ukijua ni kwa akina Masila."

"Sikufikiria Masila! Niliwafikiria hawa." Alielekeza kidole nje. "Nusu ya hawa wamemaliziwa mahindi siku ileile. Wakijua ni Muindi aliyewafungulia ndovu, tena kwa ajili ya asali, nani atamchimbia kaburi? Nani atakula chakula chake? Halafu polisi wakamkamata kijana, watu wakasema ni yeye, nami nikakaa kimya. Mkaja na karatasi mkaniuliza nilisikia nini, nikasema."

Hasina aliwahi kuwakasirikia mashahidi waongo, na alikuwa amejiandaa kumkasirikia huyu. Hakuweza. Aliona mtu akikimbia kuelekea yowe, mikono imejaa asali.

"Mumeo alikuwa mwanamume," alisema. "Hilo litakwenda kwenye maelezo kama lilivyo. Lakini kesho asubuhi, kabla hamjamfukia Muindi, Masila atasimama kizimbani kwa ajili ya shingo yake. Naweza kukuandikisha hapa hapa jikoni, pasiwe na anayesikia leo. Watajua baadaye tu."

"Baadaye lini?"

"Kaburi likiwa limekwisha kufunikwa, labda."

Ilikuwa huruma, na sheria haikuikataza. Syombua aliifikiria. Alivuta kutoka nyuma ya mafiga sufuria iliyofunikwa kwa jani la mgomba, akaibeba kwa mikono miwili, akatoka nayo nje. Hasina alimfuata.

Mjane alipita wanawake kwenye vyungu, akazunguka nyumba na kusimama ukingoni mwa kaburi. Aliiweka sufuria juu ya udongo mpya na kulitoa lile jani. Masega yalikuwa bado na majivu.

"Hii ndiyo iliyozima fensi," alisema, na sauti haikumtetemeka. "Muindi ndiye aliyezima. Masila hajui lolote. Nilinyamaza kwa sababu niliogopa mtaacha kuchimba. Sasa mnajua, mfanye mtakavyo."

Mikono ilisimama. Mmoja, ambaye shamba lake lilipakana na la Muindi na halikubaki na bua lililosimama, alitazama sufuria, akatema mate pembeni, akapanda kutoka shimoni. Wa pili akamfuata. Majembe yakawekwa chini moja moja, bila kelele, mpaka shimo likabaki tupu na halijafika kifuani mwa mtu. Syombua hakumsihi yeyote. Alisimama tu pale.

Mlango wa gari ulifunguliwa. Munyoki alikuja kwa mwendo wa mzee, watu wakimpisha, maana hakuna aliyejua anakuja kufanya nini na kila mmoja alimpa haki ya kukifanya. Alimfikia Syombua. Alimtazama mwanamke aliyemwacha mwanawe alale seli akingoja kitanzi. Hasina aliweka mguu mmoja mbele, tayari.

Mzee alivua koti, akampa Syombua alishike. Akaketi ukingoni, akajishusha shimoni taratibu kwa ajili ya magoti yake, na akaupima ukuta wa udongo kwa kiganja.

"Huku mmekwenda kombo," alisema. "Nipeni sururu."

Hakuna aliyempa. Aliiokota mwenyewe, akaanza.

Hasina alisimama na mikono chini, yeye Mwislamu wa Msambweni kwenye kaburi la Mkristo, na mwili ukamsisimka kuliko ulivyosisimka mbele ya ndovu. Kwa muda mrefu ilisikika sururu moja tu. Kisha yule jirani asiyebakiwa na bua alishusha pumzi, akainama, akachukua koleo na kumfuata mzee shimoni.